Ufadhili wa Masomo Haununui Utii

Nafasi za kusoma China, Urusi, Algeria au Moroko zinapotangazwa Bujumbura, familia huuliza yanayowahusu: tiketi ya ndege nani analipa, lugha atajifunzia wapi, na akirudi cheti chake kitatambuliwa? Swali la upande wa pili huulizwa mara chache. Serikali iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa inafaidika nini kumsomesha bure kijana wa mtaa wa Kamenge kwa miaka mitano?

Jibu limo katika kile ambacho wataalamu wa uhusiano wa kimataifa hukiita diplomasia ya umma. Balozi huzungumza na waziri. Diplomasia ya umma huwapita mawaziri na kuzungumza na wananchi wenyewe, kupitia redio, vituo vya utamaduni na, kwa wenye subira, masomo. Marekani ilianzisha ufadhili wa Fulbright mwaka 1946. Mwaka 1960 Umoja wa Kisovieti ulifungua mjini Moscow chuo kikuu cha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata ukakipa jina la Patrice Lumumba. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya naye aliutumia ushindani wa mataifa hayo mawili: Septemba 1959 ndege yake ya kwanza iliwapeleka wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki Marekani. Marekani na Umoja wa Kisovieti walipiga hesabu moja, kwamba anayerudi na digrii atarudi pia na mapenzi kwa aliyemsomesha.

Historia ya Burundi inaonyesha kasoro ya hesabu hiyo. Mwanamfalme Louis Rwagasore alisoma Astrida, kwenye shule iliyoandaa wasaidizi wa utawala wa kikoloni wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi, kisha akaenda Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 hakuwa chombo cha utawala. Alianzisha vyama vya ushirika, akashirikiana na wafanyabiashara wa Bujumbura, wakiwemo Waswahili wa Buyenzi, na akakiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru. Septemba 1961 chama hicho kilishinda viti 58 kati ya 64 vya bunge. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, akiwa Waziri Mkuu. Ubelgiji ulikuwa umemsomesha mtu aliyeujua vya kutosha kuweza kuukataa.

Maafisa wa jeshi wanatoa somo lilelile. Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya wote walipata mafunzo ya kijeshi Ubelgiji, na wote walitwaa madaraka kwa mapinduzi, mwaka 1966, 1976 na 1987. Bagaza, katika miaka ya 1980, aligombana na Kanisa Katoliki na kuwafukuza wamisionari wengi wa kigeni, Wabelgiji wakiwemo. Miaka aliyokaa Brussels haikumzuia.

Mfadhili basi anapata nini? Anapata kufahamika. Daktari aliyesomea Liège anajua amwandikie profesa gani anapotaka kumpeleka msaidizi wake mafunzoni. Mhandisi aliyesomea China, akitakiwa kuagiza mashine, huanza na viwanda anavyovijua na lugha anayoisoma. Hakuna aliyemwamuru. Mazoea yanatosha, nayo hudumu muda mrefu kuliko mkataba wa mawaziri wawili.

China imeipanga njia hiyo hatua kwa hatua. Tangu 2012 Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Burundi, inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Bohai cha China, imekuwa ikifundisha Kichina. Mwanafunzi anaanza na darasa hapa mjini, anafanya mtihani wa HSK wa kupima lugha, na kiwango alichofikia kinamsaidia kuomba ufadhili wa kwenda China. Anapopanda ndege, nchi anayokwenda si ngeni kwake kabisa.

Lakini kufahamika kunataka mlango ubaki wazi. Kuanzia 2014 Marekani iliwachukua vijana wa Kiafrika, Warundi wakiwemo, katika programu ya Mandela Washington ya viongozi chipukizi. Juni 2025 serikali ya nchi hiyohiyo iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia, na miongoni mwa viza zilizosimamishwa ni za wanafunzi na za mabadilishano. Miaka ya kujenga imani ilikutana na tangazo la siku moja. Kijana aliyekuwa na barua ya chuo mkononi hatafakari sera ya uhamiaji. Anatafuta nchi nyingine, na huko ndiko atakakojenga mazoea yake.

Tunapozungumzia masomo ya nje tunawatazama wakubwa, tunawasahau majirani. Mabadilishano makubwa zaidi katika historia ya Burundi hayakupangwa na wizara yoyote. Yalitokana na msiba. Baada ya mauaji ya 1972 nchini Burundi, yaliyowafanya wengi kukimbia, Melchior Ndadaye alikimbilia Rwanda, akasoma huko, na huko akaingia katika siasa za wanafunzi wakimbizi. Mwaka 1993 alikuwa rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa kidemokrasia. Maelfu ya watoto wengine walisoma katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Takriban watu 162,000 wa kundi la wakimbizi wa 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walirudi na Kiswahili cha darasani, tofauti kidogo na kile cha Buyenzi. Uhamisho huo ulikuwa na machungu yake, na hakuna wa kuutamani. Lakini umeacha pande zote mbili za mpaka watu wanaofahamiana kwa majina.

Funzo kwa Burundi ni kuacha kujiona kama mpokeaji tu. Nchi hii nayo ni mwenyeji. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964, na vyuo binafsi vya Bujumbura vimewapokea Wakongomani kutoka Uvira na Bukavu; wale wa Uvira, mpaka ukiwa wazi, hufika kwa mwendo mfupi kupitia Gatumba. Wanakuja kwa sababu Kifaransa cha darasani wanakijua na Kiswahili cha sokoni ni chao. Marekani na China hazina faida hiyo.

Misingi ya kuitumia faida hiyo imeshawekwa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kuanzia 2011 ilianza kuhamia mfumo wa digrii wa ngazi tatu, ambao ni rahisi zaidi kulinganisha na ule wa majirani. Mei 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Yaliyobaki ni kazi za ofisini: kulinganisha vyeti haraka ili mhitimu wa Bujumbura asizungushwe Dodoma au Kampala, kumtoza Mkongomani ada ya mwenyeji, kuweka orodha ya wahitimu wa kigeni ili balozi zetu ziwajue, na kumpa kazi inayolingana na masomo yake Mrundi anayerudi. La mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa msomi aliyekosa nafasi nyumbani atautumia ujuzi wake kwa faida ya nchi iliyompa nafasi.