Mathenge Itakuokolea Sukuma, Lakini Ondoa Maganda Kwanza

Ukiwa na kashamba ka sukuma ama kunde Lodwar au Kakuma, adui yako namba moja si nyani. Ni mbuzi. Kiangazi kikikaza, kitu ya kijani mtaani ni yako pekee. Dakika kumi hivi, msee, umebaki na vijiti.

Ua wa bure upo: mathenge. Hii mti ililetwa Turkana miaka ya 80, sai imejaa kando ya mto Turkwel, na miiba yake hutoboa tairi ya boda bila huruma. Panga matawi vishina vikiangalia ndani, miiba nje. Kanyagia hadi chini, juu kitoto cha mbuzi hakikosi kashimo.

Sasa, wengi huchomeka hapa: wanaweka matawi na maganda yake. Maganda yakiiva ni matamu, mbuzi huyapenda vibaya. Umewafungulia hoteli! Mbegu nayo hupita tumboni ikiwa nzima, inatoka na mavi, inaota, na msimu ujao unang'oa mathenge katikati ya kunde. Toa maganda yote. Ukitaka kulisha nayo mifugo, saga kwanza.

Kindi ni stori ingine, huyo huchimba. Fukia mawe chini ya ua.

Sumu? Wachana nayo kabisa. Pale Kakuma mwenye sukuma mara nyingi ni mkimbizi, na mwenye mbuzi ni mwenyeji. Mbuzi mmoja akifia kwa shamba yako, hiyo kesi inafika kwa wazee kabla jioni.