Waamish na Corona (3): Msiba Ulio Mikononi mwa Majirani

Katika sehemu ya pili tuliona jinsi usharika wa Waamish (jamii ya Wakristo wa Marekani), ambao kwa kawaida una familia 20 hadi 40, unavyosali majumbani kwa zamu. Leo tuingie msibani, maana hapo ndipo ushauri wa afya wa mwaka 2020 wa kupunguza mikusanyiko ulipokwama.

Mtu akifariki katika kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, kazi ya kampuni ya mazishi huwa ndogo. Mwili hutiwa dawa ya kuuhifadhi, kisha hurudishwa nyumbani. Ndugu wa jinsia yake huuvika mavazi meupe. Mwanamke mara nyingi huvikwa aproni aliyoivaa siku ya harusi yake. Jeneza ni la mbao, halina nakshi. Tangu hapo wafiwa hawashiki kazi. Majirani ndio wanaokamua ng'ombe, kupika, kupanga mabenchi na kuchimba kaburi kwa mikono. Kwa siku mbili watu humiminika kuutazama mwili, kuwapa wafiwa mkono na kuketi nao, mara nyingi bila maneno mengi. Siku ya tatu ni maziko, na waombolezaji 300 au zaidi si ajabu. Mhubiri hamsifu marehemu. Sifa zote ni za Mungu.

Jamii ya namna hii utaiambiaje ipunguze waombolezaji? Ofisa wa afya anaona umati, kumbe mle ndani mna wapishi, wakamuaji na wachimba kaburi. Ukiwaondoa, mjane atabaki na maiti, watoto na ng'ombe wenye maziwa.

Wapo wanaodhani serikali iliwakataza kuzika kwa desturi yao. Ohio, ambako pia wanaishi Waamish, haikufanya hivyo: agizo la kukaa nyumbani lililoanza 23 Machi 2020 halikugusa mikusanyiko ya dini, harusi na maziko yakiwemo. Kilichobaki ni kushawishi, na hapo pana ugumu wake, kwa kuwa hawana redio wala televisheni nyumbani, wala kiongozi mkuu mmoja wa kuzungumza naye. Kila usharika una uamuzi wake. Baadhi walisimamisha ibada kwa muda, wengine waliendelea.

Virusi vilipata nafasi. Waombolezaji wa mbali hukodi gari lenye dereva asiye Mwamish, hubanana humo kwa saa kadhaa, kisha huingia katika nyumba iliyojaa na kula pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walichambua tanzia za The Budget, gazeti la Sugarcreek, Ohio, lililoanzishwa mwaka 1890, ambalo Waamish na ndugu zao kiimani, Wamennonite, hulipelekea habari za kwao. Novemba 2020, vifo vilizidi maradufu ya kawaida ya mwezi huo. Inaniuma, kwa sababu wema uleule wa kutomwacha mfiwa peke yake ndio uliowakutanisha na ugonjwa.

Naamini palikuwa na njia. Surua ilipowakumba Waamish wa Ohio mwaka 2014, wagonjwa wakafikia 383, wahudumu wa afya walipeleka chanjo huko huko kwao na maelfu wakajitokeza. Kwa corona pia, mazungumzo na askofu mmoja mmoja yangeweza kuanzia kwenye kazi: kaburi lichimbwe kama siku zote, ng'ombe wakamuliwe, chakula kipelekwe mlangoni, watu waingie kuuona mwili wachache wachache, madirisha yakiwa wazi, na ibada ifanyike uani.

Sehemu ya nne itaeleza kwa nini chanjo ya surua ilipokewa na wengi, na ya corona ikawafanya wengi wasite.