Mnyauko wa Migomba: Panga Ndilo Linalofungua Mlango

Mkulima wa Bungoma au Trans Nzoia akiona majani ya mgomba yamelegea na kugeuka manjano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa na madoa ya kahawia ndani, huuliza kwanza: nipulize dawa gani? Hakuna. Mnyauko bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001 na kufika magharibi mwa Kenya mwaka 2006, na hadi leo hauna dawa ya kupuliza. Kijidudu chake, Xanthomonas, hujificha ndani ya mmea.

Bakteria huyu ana kifaa kama sindano. Kupitia hiyo huingiza protini katika seli za mmea ili kuzima kinga yake. Tundu la sindano ni jembamba mno, na protini ikishajikunja haipiti. Kwa hiyo bakteria hutumia protini nyingine ndogo, tuziite wasindikizaji. Msindikizaji huishika protini ya mashambulizi isijikunje wala kugandana na nyingine, akaifikisha kwenye sindano, kisha yeye hubaki nyuma. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo kuhusu ndugu wa bakteria huyu anayeshambulia pilipili: walipomwondolea msindikizaji mmoja, HpaB, alishindwa kuuletea mmea ugonjwa. Hayo bado ni ya maabara. Anayekuuzia leo chupa ya "dawa ya mnyauko" anakula pesa zako bure.

Sindano hiyo hufika kwenye seli, lakini haitoboi gamba la mgomba. Bakteria lazima afunguliwe njia, na mara nyingi anayeifungua ni sisi: panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa, au machipukizi yaliyobebwa kutoka shamba lenye ugonjwa. Wadudu nao humpeleka kwenye ua dume. Livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Usilikate kwa kisu. Panga lichome motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, hata la kibarua, hata la jirani.

Ukikata shina na baada ya dakika chache likatoa ute wa manjano, huo ndio mnyauko. Kata shina hilo pekee usawa wa ardhi, uendelee kukagua yaliyobaki, na umwarifu afisa wa kilimo wa wadi yako.