Namna ya Kumwuguza Paka Aliyevunjika Mguu

Huko Namoruputh, magharibi ya Lodwar katika nchi ya Waturkana, unga wa dukani huja kwa gari kutoka mbali, na paka ndiye askari wa ghala. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Basi paka huyo akigongwa na pikipiki, mwenye duka hufanya haraka kumsaidia. Lakini msaada usio na maarifa waweza kumwua.

Wafugaji wengi hujua kuufunga mguu wa mbuzi kwa vijiti, nao hupona. Muundi wa mbuzi ni mrefu, na kijiti hufika kwenye kiungo cha juu na cha chini, hata mfupa usitikisike. Paka si mbuzi. Mara nyingi huvunjika paja, na paja lina nyama nyingi. Kiungo chake cha juu ni nyonga, ambayo haifungiki kwa kijiti. Banzi huteleza chini, likawa mzigo wa kuuvuta mfupa uliovunjika. Tena kitambaa kikikazwa huzuia damu: vidole huvimba, huwa baridi, na mwisho mguu huoza. Kwa hiyo, pasipo daktari, mguu wa paka usifungwe. Afungiwe paka mwenyewe.

Kwanza, ashikwe kwa hadhari, maana paka mwenye maumivu humwuma hata bwana wake. Afunikwe gunia, asukumwe polepole juu ya ubao, kisha atiwe katika kasha. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa huletwa na paka pia.

Pili, apumzishwe. Kasha liwe la mbao, lenye wavu wa kupitisha hewa, nafasi ya kugeuka lakini si ya kuruka. Liwekwe kivulini, kasha la bati katika jua la Turkana ni tanuri. Ndani mtiwe maji, chakula cha nyama au samaki, na karai la mchanga kwa haja zake. Paka mzima huhitaji kukaa humo kama majuma 6 au 8. Mtoto wa paka hupona mapema zaidi. Baada ya majuma machache atakanyaga na kulia atolewe. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani mfupa haujakomaa, na mruko mmoja waweza kuuvunja tena.

Tatu, asipewe dawa za watu. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumwua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja sumu ya dawa hiyo kama la binadamu. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia, fizi huwa za samawati au kahawia, na uso huvimba. Aspirini nayo ni hatari. Dawa ya maumivu itolewe na daktari wa mifugo peke yake.

Ikiwa njia yapatikana, ni bora kila paka aliyevunjika aonwe na daktari huyo, na ofisi ya mifugo ya kaunti iko Lodwar. Asicheleweshwe hata kidogo ikiwa mfupa umetoboa ngozi, anahema kwa kinywa wazi, hakukojoa kwa siku nzima, au miguu ya nyuma haina nguvu kabisa. Huenda mfupa ukaungwa kwa chuma. Huenda pia mguu ukakatwa, na mwenye paka asikate tamaa kwa habari hiyo: paka wa miguu mitatu hujifunza upesi kutembea, hupanda magunia na kuwinda. Panya wa ghalani watamwogopa vile vile.