Historia ya Marekani katika darasa la Toronto, na kitambaa tulichokivaa sisi

Hapa Ontario mtoto hamalizi sekondari bila ya kusoma historia ya Kanada. Hiyo ni lazima, na huisoma Darasa la 10. Historia ya Marekani ni somo la hiari la Darasa la 11, kwa wanaojitayarisha kwenda chuo kikuu. Wazazi wenzangu huuliza: ya nini? Mtoto anaishi Kanada, asili yake Oman na Unguja, ya Marekani yanamhusu nini?

Wakanada wenyewe hawalioni swali hilo. Mji huu wa Toronto, ulipokuwa bado ukiitwa York, ulivamiwa na jeshi la Marekani tarehe 27 Aprili 1813, na majengo ya bunge yakachomwa moto. Ngome ya Fort York ipo mpaka leo na wanafunzi hupelekwa kuitazama. Jirani aliyewahi kukuchomea nyumba, sharti umjue.

Sisi tuna sababu yetu nyengine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza. Binti yangu amelichukua somo hilo mwaka huu. Kilichomrudisha nyumbani kimya si vita vya York. Ni utumwa.

Darasa lao ni kama Toronto yenyewe: Wasomali, Wafilipino, Wapakistani, watoto wa Jamaica. Walikuwa wakisoma mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, na mmoja wao, asili yake Jamaica, akamgeukia binti yangu na kumuuliza, tena bila ya ubaya: "Na nyinyi Waarabu wa Zanzibar, si mlikuwa mkiuza watu pia?"

Jioni tukampigia simu bibi yake, Muscat. Bibi hakusita. "Mwambie mwalimu wake sisi tuliwapelekea Wamarekani farasi na lulu!"

Na ni kweli, wallahi. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid Said bin Sultan, Sultana, liliingia bandari ya New York. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman Al Kaabi. Lilibeba tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, pamoja na zawadi za Rais Van Buren, farasi wawili wa Kiarabu wakiwemo. Sheria za Marekani hazikumruhusu rais kuzichukua zikawa mali yake, ikabidi Bunge liamue la kufanya. Jahazi lenyewe lilikuwa limechoka, Wamarekani wakalitengeneza kwa gharama yao. Picha ya Ahmad bin Na'aman aliyoichora Edward Mooney imehifadhiwa Salem, Massachusetts. Kila nyumba yetu inakijua kisa hiki, na tuna haki ya kujivunia.

Ila binti yangu aliuliza swali ambalo sisi wakubwa hatuna mazoea ya kuuliza: jahazi lilirudi na nini?

Lilirudi na nguo za pamba, miongoni mwa bidhaa nyengine. Tangu mkataba wa biashara uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, meli za Salem zilizidi kuja Unguja zikilipa ushuru wa asilimia 5. Zilileta kitambaa kizito kisichopaushwa, ambacho watu wetu walikiita kwa jina la kilikotoka: marekani. Jina hilo limebaki katika Kiswahili, wengi tu hatujiulizi limetoka wapi. Kitambaa hicho kilikwenda bara mpaka maziwa makuu, kikabadilishwa na pembe. Na pembe hizo nyingi ziliishia katika viwanda vya Connecticut, zikawa vibao vya piano.

Sasa fuata uzi. Kitambaa kilifumwa Massachusetts, lakini pamba ilitoka kusini, ilichumwa na watumwa. Kilipofika Unguja kililipiwa kwa karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwa pembe ambazo mara nyingi wabebaji wake walikuwa watumwa pia. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, na biashara ya marekani Unguja ikaanguka. Nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Ndiyo kusema bunduki zilizolia Virginia zilisikika mpaka Forodhani.

Mwaka huo huo wa 1833, mwezi Juni, miezi mitatu kabla ya mkataba wa Muscat, mume na mke waliotoroka utumwa Kentucky, Thornton na Lucie Blackburn, walikamatwa Detroit. Watu weusi wa mji ule wakawaokoa, wakavuka mto kuingia Kanada, na serikali ya huku ikakataa kuwarudisha. Walihamia Toronto na kuanzisha teksi ya kwanza ya mji, ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1985 mabaki ya nyumba yao yalichimbuliwa katika kiwanja cha skuli. Kila mtoto wa Toronto anaweza kwenda kusimama pale.

Kuna wenzetu wanaosema utumwa wa kwetu ulikuwa mwepesi, mtumwa alikula na bwana wake, aliachwa huru kwa ajili ya Mungu. Yalikuwepo hayo. Lakini soko la Mkunazini lilikuwepo pia, mpaka Sayyid Barghash alipolifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Mtoto akiyasikia haya skulini kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mwenzake, atadhani tulimficha. Bora ayasikie kwetu, pamoja na farasi na lulu.

Mwalimu wake amemkubalia aandike insha ndefu juu ya safari ya kitambaa cha marekani kutoka Salem mpaka Unguja. Tukamwomba bibi atusimulie anachokikumbuka. Ametuma ujumbe wa sauti mrefu. Anaanza na nguo, kisha anafika kwa bi kizee aliyekuwa akipika nyumbani kwao Unguja wakati bibi ni mtoto, aliyeletwa kutoka bara akiwa mdogo. Alikuwa na jina alilopewa na nyumba. "La kwao," anasema bibi, "hatukumuuliza."

Binti yangu ameusikiliza ujumbe huo mara tatu. Ijumaa atampigia tena, ana maswali.