Kambi ya Kamina na Walinzi wa Amani wa Kongo, 1960–1964

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni njia panda ya reli ambapo mtu atokaye Lubumbashi huweza kuelekea Ilebo au Kabalo, na nje ya mji huo ipo kambi ya kijeshi yenye uwanja mkubwa wa ndege, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga ambamo Kamina ilikuwemo, alipotangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga na Kongo, Umoja wa Mataifa ulituma kikosi cha kulinda amani kilichoitwa ONUC, ambacho kilifikia askari karibu 20,000, wakiwemo Waethiopia, Wahindi, Waswidi na Waairishi, na mwaka huohuo kikakabidhiwa kambi hiyo.

Kukabidhiwa kambi, hata hivyo, hakukuwa kukabidhiwa mji. Mji wenyewe ulibaki mikononi mwa jandarma, yaani jeshi la Tshombe lililoongozwa na maofisa wa Kibelgiji pamoja na mamluki, wapiganaji wa kukodiwa kutoka nje, kwa hiyo kambi ikawa kama kisiwa katika nchi kavu, ikitegemea ndege kwa chakula, risasi na askari wa zamu. Waliobeba mzigo mzito zaidi ni Baluba wa kaskazini mwa Katanga, wengi wao wafuasi wa Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, ambao walipinga kujitenga na wakachomewa vijiji. Hofu ya mashambulizi hayo huenda ndiyo iliyoleta msiba wa Niemba, ambako tarehe 8 Novemba 1960 wapiganaji wa Kibaluba waliwaua Waairishi 9 wa ONUC, kwani mwanakijiji aliyekwisha kushambuliwa na wazungu wenye sare angewatambuaje wageni hawa kuwa walinzi wake?

Mwanzoni askari wa ONUC waliruhusiwa kufyatua risasi kwa kujihami tu, na ingawa Baraza la Usalama liliwaruhusu Februari 1961 kutumia nguvu, kama hatua ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, idhini hiyo haikuja na zana za kutosha. Mapigano kati ya ONUC na jandarma yalipozuka Septemba, ONUC haikuwa na ndege hata moja ya kivita, na ndege moja tu ya Katanga, aina ya Fouga Magister, iliishambulia kambi ya Kamina na kutishia safari zote za angani. Kwa kuihofia, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe, ilizunguka njia ndefu usiku, ikaanguka karibu na Ndola tarehe 18 Septemba, naye akafariki.

Baada ya hapo Uswidi, Ethiopia na India zilileta ndege za kivita. Mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za Waswidi ziliruka kutoka Kamina kwenda kuupiga uwanja wa Kolwezi, na askari wao wa miguu wakauteka mji wa Kamina, zaidi ya miaka miwili tangu Umoja wa Mataifa uichukue kambi iliyo jirani yake; waliolipia ucheleweshaji huo ni Baluba. Tshombe alisalimu amri Januari 1963, na ONUC ikaondoka tarehe 30 Juni 1964. Novemba ya mwaka huo askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua katika uwanja uleule wa Kamina, wakiwa njiani kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo.