Pumzi Sita kwa Dakika

Tunapoteremka kutoka Kibosho alfajiri na mikungu ya ndizi, miguu iko njiani lakini akili imeshafika Mbuyuni kubishania bei. Usiku nao usingizi hauji.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, huko Italia, waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini. Pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na moyo ukafuata mwendo huo. Pumzi ndefu huupa ubongo habari kwamba hatari imepita. Nasi kliniki humkalisha mama kimya dakika 5 kabla ya kumpima presha; aliyekuja mbio hutudanganya.

Lakini mmoja wetu aliacha vidonge, akisema sala inatosha. Tulimpokea amebebwa, mkono wa kulia hausogei. Tulia jioni, mama, vidonge ukishameza.